Ukitaka Kuipima Bendi, Ngoja Mwimbaji Aondoke

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Maili Moja, Kibaha, ubishi wa mpira ukiisha huanza wa muziki. Bendi ipi ni kubwa kuliko zote zilizowahi kupiga dansi nchi hii, Msondo au Sikinde? Wazee hugawanyika papo hapo. Vijana, ambao wengi wao wamezaliwa wakati enzi za bendi hizo zimeshapita, hufungua simu wakatafuta orodha. Orodha hazikosekani: kumi bora, ishirini bora, bora wa nyakati zote. Mmoja anaisoma kwa sauti, ubishi unazidi kuwaka, kahawa inapoa vikombeni.

Nimekaa kwenye ubishi huo miaka mingi na ninaupenda. Watu hawapigi kelele hivyo kwa kitu wasichokijali. Lakini nimeona kwamba wengi wetu tunabishana bila kujua tunapima nini. Huyu anapima sauti ya mwimbaji, yule anapima wingi wa nyimbo, na wa tatu, bila kujijua, anapima ujana wake mwenyewe. Ndiyo maana nataka kukupa njia ninazozitumia mimi, ili siku ukiingia kwenye ubishi huo uwe na cha kushika mkononi.

Anza na jina. Acha lile lililoandikwa kwenye nyaraka, sikiliza lile watu wanaloliita. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Mwisho ikabaki Msondo Ngoma. Majina manne, na mwenye mali amebadilika njiani, lakini mpenzi wa dansi hakuhangaika na karatasi: kwake ilikuwa Msondo tangu zamani na ni Msondo mpaka leo. Mlimani Park nayo ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Waulize watu wa Ilala au Magomeni wangapi wanakumbuka habari ya teksi. Wanachojua ni Sikinde.

Karibu kila bendi ya enzi hizo ilikuwa na mtindo wake. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, Atomic ya Tanga Kiweke, Urafiki Jazz Chakachua, Vijana Jazz Pambamoto, Tancut Almasi ya Iringa Fimbo Lugoda. Mitindo mizuri yote, na mingine ilitikisa nchi. Lakini ni michache iliyofikia kulimeza jina la bendi yenyewe. Mtindo ukifika hapo, ujue bendi imeacha kuwa mali ya shirika na imekuwa mali ya wasikilizaji. Hicho ni kipimo cha kwanza, na unaweza kukitumia hata kwa mtu asiyefuatilia muziki kabisa.

Sisi watu wa Pwani tuna la ziada la kusema hapa. Niliwahi kukaa barazani kwa bibi mmoja huko Kisarawe, anamenya mihogo, nikamuuliza kama aliwahi kuupenda Msondo. Akanitazama, kisu kimesimama hewani. "Msondo upi, mjukuu wangu? Wa mwali au wa redioni?" Nikashindwa kujibu haraka. Akacheka, akageuza beseni la mihogo, akaanza kulipiga matako kwa viganja viwili, polepole, mkono wa kulia mzito na wa kushoto unachombeza, akanionyesha namna ngoma ile ndefu ilivyokuwa ikilia mwali anapotolewa. Kisha akaendelea na mihogo yake kama kwamba hakuna kilichotokea.

Msondo ni ngoma ya unyago kabla ya kuwa bendi. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo kabla ya kuwa mtindo wa Mlimani Park, na wapenzi wake waliposema "Sikinde ngoma ya ukae" walikuwa wanasema, kwa Kizaramo, ngoma ya nyumbani. Kwa hiyo bendi mbili ambazo Dar es Salaam nzima iligawanyika kwa ajili yake zilichukua majina yao katika ngoma za watu hawa hawa wa Kisarawe, Kibaha na vitongoji vyake. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Bendi iliyojifunga kwenye ngoma ambayo watu waliichezea utotoni ina mizizi ambayo gitaa peke yake haliwezi kuipa.

Na kuna mtu mmoja aliyezifunga bendi hizi mbili kwa uzi mmoja. Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa Masaki mwaka 1940, na hapa nasema Masaki ya Kisarawe, usiichanganye na ile ya ufukweni Dar es Salaam. Alipitia Kilwa Jazz, akawa miongoni mwa walioianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Mwaka 1978 akaondoka, akawa miongoni mwa walioisimamisha Mlimani Park. Mwaka 1985 akaondoka tena, safari hii pamoja na mpiga gitaa Abel Bartazar, wakaenda Orchestra Safari Sound kuanzisha mtindo wa Ndekule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akarudi alikoanzia, Msondo, na huko akaimba mpaka alipotangaza kustaafu mwaka 2013.

Fuata safari hiyo vizuri, kwa sababu ndani yake mna kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Usiulize bendi ilikuwaje pale mwimbaji wake mkubwa alipokuwepo. Kila bendi ni nzuri siku hiyo. Uliza ilikuwaje Jumamosi ya kwanza baada ya kuondoka kwake.

Mwaka 1978 JUWATA ilimpoteza Gurumo, ikampoteza na Hassan Bitchuka, yule mwenye sauti nyembamba ya juu ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Sauti nzito na sauti ya juu, zote mbili kwa mpigo. Bendi ya kawaida ingefunga virago. Msondo haikufunga. Said Mabera, aliyeingia mwaka 1973, alibaki na gitaa lake la solo, na juu ya gitaa hilo wakaja waimbaji wengine, akiwemo TX Moshi William, ambaye kwa kizazi kilichofuata yeye ndiye alikuwa Msondo. TX alipofariki mwaka 2006 watu walilia, na bendi ikapanda tena jukwaani. Ukitaka kujua nguzo ya nyumba ni ipi, mwangalie anayebaki.

Mlimani Park nayo ilipewa mtihani huo huo mwaka 1985. Waliondoka mwimbaji kiongozi na mpiga gitaa wake, watu waliokuwemo tangu siku ya kwanza. Sikinde ikaendelea kurekodi na kujaza ukumbi. Ilikuwa na Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz, mtu wa vyombo vingi na mwalimu wa wengi, wengi walimwita King. Wimbo ulipoletwa mazoezini na mtunzi wake, ulikuwa maneno na sauti tu. Hapo ndipo kila mtu alipoweka chake: solo anatafuta njia yake, ridhimu yake, besi yake, na wapuliza tarumbeta na domo la bata wanapangiwa mahali pa kujibu. Bendi inayofanya kazi kwa namna hiyo haimbebi mtu mmoja mgongoni. Akitoka mmoja, namna ya kupika inabaki jikoni.

Hapa utaulizwa swali zuri, na lazima uwe tayari nalo. Mbaraka Mwinshehe je? Alitoka Morogoro Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwezi Januari 1979. Morogoro Jazz bila yeye haikurudi kuwa ile. Super Volcano bila yeye vilevile. Lakini nani atathubutu kumtoa Mbaraka juu? Simtoi. Ninachosema ni kwamba tunapobishana tutenganishe vitu viwili. Kuna mwanamuziki mkubwa, na kuna bendi kubwa. Mbaraka ni mwanamuziki mkubwa kuliko bendi zake. Marijani Rajabu pia, jabali aliyepita Safari Trippers na Dar International, yuko upande huo. Ubishi mwingi wa kijiweni ungekwisha kama kila mmoja angesema kwanza anazungumzia lipi kati ya hayo mawili.

Nairobi nako kuna mfano wa kuangalia. Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga, mwaka 1978 iligawanyika na waliotoka wakaunda Les Wanyika. Wakatoa "Sina Makosa". Usisikilize kuimba peke yake kwenye wimbo huo. Sikiliza gitaa la ridhimu, linavyotembea kwa upole chini ya kila kitu bila kuomba kutazamwa. Simba Wanyika nao hawakufa kwa mgawanyiko ule, waliendelea kupiga. Ukikuta bendi imepasuka vipande viwili na vipande vyote viwili vinacheza, ujue chungu cha kwanza kilikuwa kizito.

Na huko kwa watu wa roki, wanakopenda orodha kuliko sisi, mambo hayako mbali na haya. Beatles walivunjika mwaka 1970 na hawakurudi, kwa hiyo kipimo changu cha kuondoka mtu hakiwafai. Wao wanapimwa kwa nyimbo zao kuimbwa na kila mtu mwingine duniani, na hicho pia ni kipimo halali. Lakini chukua Queen, iliyoundwa London mwaka 1970, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wengi wanataja onyesho lao la Live Aid uwanjani Wembley, tarehe 13 Julai 1985, kama dakika ishirini hivi, na kusema ukubwa wao ulitoka kwenye sauti ya mtoto wa Unguja. Sauti ile ni kweli haina mfano. Lakini hesabu watunzi. Wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma: "We Will Rock You" ni ya mpiga gitaa Brian May, "Radio Ga Ga" ni ya mpiga drums Roger Taylor, na "Another One Bites the Dust" ni ya John Deacon, mpiga besi mkimya ambaye mashabiki wengi wangempita barabarani wasimjue. Kwa hiyo unapoipima bendi yoyote, yetu au yao, tafuta ni wangapi waliotunga. Mmoja akiwa mtunzi wa kila kitu, bendi hiyo ina mguu mmoja.

Sasa njoo kwenye masikio, maana mengine yote ni hadithi kama hujajifunza kusikiliza.

Muuza kahawa wetu pale Maili Moja ndiye aliyenifundisha, na sidhani kama yeye anajua. Ana dele lake juu ya makaa, kashata kwenye kisahani, na vikombe viwili vidogo anavyovigonganisha mkononi kuita wateja. Redio yake ndogo ikipiga zilipendwa, vikombe vile havigongani ovyo tena. Siku moja ulipigwa wimbo wa Mlimani Park. Mwanzoni, wakati waimbaji wanasimulia kisa taratibu na domo la bata linawajibu, alikuwa anagonga moja moja, kwa mbali. Solo lilipobadilika na wimbo kuingia sebene, chemko kama wengine walivyopaita, vikombe vikahama. Havikufuata solo, lililokuwa limepaa juu huko likiomba sifa. Vilifuata tumba. Akawa anagonga pale tumba inapoacha nafasi, kana kwamba kuna mahali alikuwa ameachiwa yeye. Mteja akamwomba kahawa mara mbili kabla ya kusikika.

Basi fanya hivi. Chukua wimbo mmoja wa bendi unayoitetea, na kama unaweza tafuta ile rekodi ya kwanza iliyofanywa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam badala ya marudio yaliyotengenezwa baadaye. Usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata kisa: nani anaongea, na nani, kuna nini kimeharibika. Dansi letu lilijengwa juu ya visa vya ndoa, talaka, barua za nyumbani, kazi na mapenzi, na mtunzi mzuri anakusimulia bila kukuhubiria. Mara ya pili sahau waimbaji kabisa, fuata ridhimu na besi. Usiposikia tofauti kati ya ridhimu na solo la pili, rudia mpaka usikie. Inachukua siku mbili tatu, na ukishalipata sikio hilo halikutoki. Mara ya tatu simama ucheze. Nasema kweli, simama. Muziki huu ulitengenezwa kwa miguu, na anayeuhukumu akiwa amelala kitandani na simu masikioni anahukumu nusu yake.

Bendi kubwa itakupa kitu kipya katika kila mzunguko. Bendi iliyovuma kwa mwaka mmoja itakupa kila kitu mara ya kwanza, na mara ya tatu utakuwa umeshachoka. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na historia ya dansi letu imejaa ngoma za namna hiyo.

Kuna jambo moja la kupunguza kwenye mizani. Kwa miaka mingi kabla ya redio binafsi, ambazo zilianza miaka ya 1990, nchi ilisikia kile ambacho Radio Tanzania ilirekodi na kukipitisha, maneno ya nyimbo yakikaguliwa kwanza. Bendi za Dar es Salaam zilikuwa jirani na studio. Za Tabora, Mwanza na Kigoma zilikuwa na safari ndefu kabla ya kufika mbele ya kipaza sauti. Na mshahara ulikuwa na uzito wake: bendi ya chama cha wafanyakazi au ya shirika ilipewa vyombo, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa, wakati bendi ya mtu binafsi ilikodi vyombo na kuomba Mungu mlango ujaze. Mtu akikuambia Msondo na Sikinde zilikuwa bora kwa sababu zilidumu, mkumbushe kwamba kudumu kunahitaji pia amplifaya inayofanya kazi. Nikiwapima watu wa Atomic au Tabora Jazz huwa nawaongezea kitu kwa ajili ya barabara waliyoipita.

Na wazee. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanamwendea mzee na kumuuliza, "Babu, bendi ipi ilikuwa bora?" Mzee atakujibu jina la bendi ya mtaani kwao, na hutapata zaidi. Muulize mambo yenye miguu. Ulikwenda kucheza wapi? Kiingilio ulikitoa wapi? Ulivaa nini? Ulirudije Kisarawe usiku ule, au ulilala wapi mpaka gari la asubuhi? Alikuwa nani kwenye gitaa siku hiyo? Mtu aliyetoka huku akaenda mpaka DDC Kariakoo au Amana, Ilala, akakesha, akatembea sehemu ya njia kurudi, na bado anakumbuka nani alipiga ridhimu, huyo amekupa ushahidi ambao hakuna orodha itakayokupa. Umeme ukikatika ukumbini bendi ilifanya nini? Uliza na hilo. Majibu yake yatakuonyesha tofauti kati ya wanamuziki na watu waliobeba vyombo.

Ukinibana nitoe hukumu yangu, natoa. Kwa miaka saba tu, 1978 hadi 1985, Sikinde ilipiga dansi bora kuliko bendi yoyote niliyoisikia ya Afrika Mashariki: waimbaji wanaojibizana, wapulizaji waliopangwa na mwalimu, na ridhimu isiyokosea. Lakini bendi kubwa, ile iliyopigwa kila pigo na ikainuka, ni Msondo. Mpenzi wa Sikinde atanikasirikia kwa nusu ya pili na mpenzi wa Msondo kwa nusu ya kwanza. Nimeshazoea.

Kinachoniuma ni kingine. Cheo katika orodha hakikumnunulia mtu chakula. Gurumo alistaafu baada ya zaidi ya miaka hamsini ya muziki bila kuwa na gari lake mwenyewe, na aliyempa gari mwaka huo huo wa 2013 alikuwa kijana wa kizazi kingine na muziki mwingine, Diamond Platnumz. Nilifurahi, na nikasikitika pia kwamba ilibidi iwe zawadi. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Aprili 2014, Gurumo alifariki Muhimbili, akarudishwa Masaki kuzikwa.

Kwa hiyo wewe uliye Kibaha au Kisarawe, kabla ya kufungua orodha nyingine, mwendee mzee mmoja wa kwenu wiki hii. Chukua daftari. Andika majina ya wapiga ridhimu, wapiga besi na wapiga tumba anaowakumbuka, na bendi zao, na mwaka. Ya waimbaji tunayo tayari.